Kabla Hujanunua Kizimba: Namna ya Kupima Kama Maji Yako Yanaweza Kufuga Sato

Kamba yangu ya kupimia ina mafundo 20, fundo moja kila mita, na mwishoni nimefunga jiwe la ukubwa wa ngumi mbili. Huwa imetundikwa ukutani juu ya magunia ya chakula, na kila anayekuja hapa Kayenze, Mwanza, kuniuliza habari za vizimba (nyavu za kufugia samaki zinazoning'inia ziwani kwenye mabomba na maboya) namwonyesha hiyo kwanza. Wengi huja na picha kwenye simu: kizimba cheusi cha duara, maji yametulia, mtu anarusha chakula na samaki wanaruka. Wanataka kujua kizimba kinauzwa shilingi ngapi. Mimi nawauliza maji yao yana kina gani, na alfajiri ya mwezi wa saba yana oksijeni kiasi gani. Hapo ndipo mazungumzo yetu huanza.

Nimekulia kwenye Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi nilinunua dagaa kwa wavuvi wa usiku, nikaanika mchangani, nikapeleka soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Ziwa nilidhani nalijua. Lakini mwenye dagaa analijua ziwa kutoka juu, pale taa inapoangaza. Mwenye kizimba anatakiwa kulijua kutoka chini, na hilo mimi nililipia.

Kizimba changu cha kwanza nilikiweka mwaka 2018 kwenye kijighuba kilichojificha upepo, kwa sababu aliyeniuzia aliniambia mita 5 za maji zinatosha na mahali palipotulia ni salama. Wavu ulishuka mita 3 na nusu. Miezi mitano samaki walikula vizuri, nikaanza hata kuhesabu mabati. Mwezi wa saba ukavuma upepo wa kusi usiku kucha, ukakatika alfajiri. Kulipokucha samaki wote walikuwa juu, midomo imefunguka, wanatafuta hewa. Saa 3 asubuhi zaidi ya nusu walikuwa wamegeuka matumbo. Nilikaa kwenye mtumbwi nikiwa na mfuko wa chakula mkononi, sijui nimwage au nisimwage. (Usimwage. Nitaeleza huko mbele.)

Kwa hiyo mwongozo huu unahusu zaidi yale unayofanya kabla ya kutoa hela. Kufunga mabomba na maboya fundi yeyote atakufundisha kwa siku moja. Kujua kama maji yako yanafaa kunahitaji miezi 12, na hakuna wa kukufanyia.

Kwa nini maji ya ziwa letu yanaweza kuua

Ziwa Victoria ni pana lakini si la kina kirefu kwa upana wake. Wastani wa kina ni kama mita 40, na pale penye kina kikubwa kabisa ni kama mita 80. Karibu na ufukwe tunakofugia ni mita chache tu. Kipindi cha joto, tangu mwezi wa tisa hivi hadi wa tano, maji ya juu hupata moto na kuelea juu ya maji ya baridi, kama mafuta juu ya mchuzi. Yale ya chini hayapati hewa mpya. Kila kinachooza huko, iwe mwani uliokufa, kinyesi cha samaki au chakula kilichopotea, hula oksijeni iliyobaki mpaka inaisha. Ikifika Juni hadi Agosti upepo wa kusi unapoza maji ya juu, tabaka zinavunjika, na maji ya chini yanapanda. Kwenye ghuba zetu hilo linaweza kutokea hata kwa dhoruba moja ya masika. Samaki wa porini hukimbia. Samaki wako yuko ndani ya wavu.

Si vizimba peke yake vinavyoonja balaa hilo. Mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walielea wamekufa upande wa Uganda na Kenya, na sababu iliyotajwa ni upungufu wa oksijeni. Sangara anahitaji oksijeni nyingi kuliko sato, kwa hiyo yeye ndiye huanza kufa. Tangu siku zile nimewaambia wavuvi wote wa mwalo wetu: mkikuta sangara wanaelea, nipigieni simu kabla hamjafika nchi kavu.

Kupima kina, na kupima tope

Nenda na kamba yako siku isiyo na mawimbi. Shusha jiwe, hesabu mafundo. Usipime sehemu moja. Pima kila baada ya umbali wa kama hatua 20, uende na kurudi kwa mtumbwi, na uchore kwenye daftari. Wengi wanakosea hapa kwa kudhani sakafu ya ziwa ni tambarare. Nimekuta mwamba wa mita 4 katikati ya maji ya mita 11, na mwamba huo ungechana wavu wangu wiki ya kwanza.

Kanuni ninayoifuata mimi: maji yaliyo chini ya wavu yasipungue urefu wa wavu wenyewe. Wavu ukishuka mita 4, taka mita 8 angalau. Halafu ongeza mita 2 za akiba, kwa sababu ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2006 lilishuka sana, na Mei 2020 likapanda mpaka kiwango cha rekodi. Tofauti ya miaka hiyo miwili inapita mita 2. Ukipima mwaka wa maji mengi ukajiona una mita 8, jua mwaka wa kiangazi utakuwa na 6, na taka za samaki wako zitakuwa zinarundikana puani mwao. Mimi nafunga vizimba vyangu fundo la 10 likiwa limezama.

Sasa jambo ambalo mzee mmoja mvuvi wa hapa alinifundisha, na ninamwombea kila siku. Aliniambia, "Binti, ukirusha jiwe halafu ukaliacha linarudi safi, umepima nusu." Paka grisi chini ya jiwe. Likigusa sakafu, litabeba sampuli. Mchanga mweupe au changarawe, vizuri. Tope la kahawia lisilo na harufu, bado unaweza. Tope jeusi lenye harufu ya yai viza, ondoka hapo. Harufu hiyo ni ya gesi inayotokea pale oksijeni ilipokwisha kabisa, na siku upepo utakapoligeuza tope hilo, itapanda juu. Kijighuba changu cha mwanzo kilikuwa na tope hilo hilo. Lilikuwepo siku zote, mimi sikunusa.

Kupima maji yanavyotembea

Samaki 8,000 ndani ya wavu mmoja wanavuta hewa kama watu waliojazana chumbani. Lazima maji yaingie upande huu na yatoke upande ule. Chukua chungwa. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi sana, linafuata maji. Funga kamba ya mita 10 kati ya maboya mawili kuelekea maji yanakokwenda, achia chungwa, hesabu sekunde. Likifika mwisho kati ya sekunde 50 na 200, mahali pako panapumua. Likizidi 200, maji yamelala. Likifika kabla ya 50, samaki watatumia nguvu kuogelea badala ya kunenepa, chakula kitatoka nje ya wavu kabla hakijaliwa, na nanga zako zitalia.

Rudia asubuhi, mchana na jioni, maana upepo wa nchi kavu na upepo wa ziwa hupokezana. Na rudia kila mwezi. Ninayo daftari ya mwaka mzima wa machungwa, na watoto wa mwaloni walikuwa wanajua siku zangu za kupima kwa sababu machungwa yakishafanya kazi niliwagawia.

Usitafute mahali palipokufa kabisa kwa utulivu, wala palipo wazi kabisa kwa mawimbi. Nyuma ya kisiwa kama Bezi, au nyuma ya rasi, lakini nje kidogo ya kivuli cha upepo: hapo ndipo. Kaa mbali na midomo ya mito. Mvua ikinyesha mto huleta udongo, mbolea na takataka, na ule unaopita katikati ya mji, kama Mirongo pale Mwanza, huleta na vya watu. Kaa mbali pia na njia za boti za abiria na mazalia ya samaki. Gugumaji nalo linatembea na upepo. Waulize wenyeji hukusanyikia wapi, kwa sababu likizunguka kizimba linaziba mkondo na linaweza kuburuta nanga.

Joto, uwazi na oksijeni

Joto la maji yetu halina shida kubwa. Sato hukua vizuri zaidi kati ya nyuzi 26 na 30, nasi huku tunakuwa nyuzi 24 hadi 27 sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo anakula ila miezi ya baridi anapunguza. Joto lina faida nyingine: linakwambia kama maji yamejipanga tabaka. Mimi natumia chupa ya soda yenye kizibo kilichofungwa kamba ya pili, na jiwe la kuizamisha. Naishusha hadi fundo la 9, navuta kizibo, inajaa, naipandisha haraka naweka kipimajoto. Juu ikiwa nyuzi 26 na chini 24, najua kuna maji mawili pale, na ya chini sitaki samaki wangu wayaone.

Uwazi unapimwa kwa sahani nyeupe ya bati yenye upana wa sentimeta 20. Ishushe upande wenye kivuli wa mtumbwi mpaka ipotee machoni. Ikipotea kabla ya nusu mita na maji ni ya kijani, kuna mwani mwingi. Mwani mchana hutoa oksijeni, usiku huila. Ndiyo maana mtu anapima saa 8 mchana, anakuta maji mazuri ajabu, anafunga kizimba, na samaki wanakufa alfajiri.

Oksijeni yenyewe inahitaji kifaa. Chupa haifai, maana maji yakiingia kwenye chupa yanachanganyika na hewa na kukudanganya. Kipimaji chenye waya mrefu ni ghali kwa mtu mmoja; sisi tulichanga watu sita. Kabla ya hapo niliomba msaada kwa afisa uvuvi wa halmashauri, na nakushauri ufanye hivyo, na ufike pia TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi) na chuo cha uvuvi cha FETA Nyegezi, wana wataalamu waliosomea maji. Pima saa 11 alfajiri kabla jua halijachomoza, juu, katikati ya wavu, na chini yake. Unataka miligramu 5 kwa lita au zaidi. Kati ya 3 na 5 samaki anaishi lakini hatakula vizuri. Ikishuka chini ya 3 mara kwa mara, mahali hapo si pa kuweka kizimba.

Pima miezi 12. Nasema tena kwa kuwa hapa ndipo watu wananikasirikia: pima miezi 12, na Juni hadi Agosti pima kila wiki. Ukikosa uvumilivu wa mwaka mmoja bila samaki, uvumilivu wa miezi saba ukiwa na samaki utaupata wapi?

Hesabu ya chakula

Mtu anayefuga kwa kizimba ni mfanyabiashara wa chakula cha samaki anayeuza kwa umbo la sato. Nikikuonyesha daftari utaelewa. Hizi ni bei zangu. Weka za kwako.

Kizimba cha mita 6 kwa 6, wavu mita 4 ndani ya maji, ni mita za ujazo 144. Naweka vifaranga 8,000, yaani kama 55 kwa kila mita ya ujazo. Wengine huweka zaidi. Mimi naheshimu oksijeni ya Julai. Wakifika sokoni asilimia 85, nina samaki 6,800. Kila mmoja akiwa na gramu 400, ni kilo 2,720. Vifaranga waliingia na gramu 10 kila mmoja, jumla kilo 80, kwa hiyo nyama niliyoitengeneza ni kilo 2,640. Kwa mfugaji makini, kilo 1.6 za chakula huzaa kilo 1 ya samaki: nahitaji kilo 4,224, mifuko 211 ya kilo 20. Kilo ikiwa shilingi 3,000, chakula peke yake ni karibu milioni 12.7. Vifaranga kwa shilingi 200, milioni 1.6. Walinzi wawili, kila mmoja laki 2 kwa mwezi, miezi 7, milioni 2.8. Mafuta ya boti, barafu na viraka vya nyavu, laki 8. Jumla kama milioni 17.9. Nikiuza kilo kwa 8,000, napata milioni 21.76. Kinachobaki ni karibu milioni 3.9, na bado sijatoa bei ya kizimba chenyewe.

Sasa chezea namba moja tu. Ukimwaga chakula ovyo, ukatumia kilo 2 kwa kilo 1 ya samaki, mifuko inakuwa 264 na kinachobaki ni laki 7. Au samaki wafe wakiwa wakubwa, wameshakula mali yako, wabaki asilimia 70: hutabaki na kitu. Ndiyo sababu napima maji mwaka mzima.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha jambo lingine. Walinzi wawili wanaweza kulinda vizimba vinne kama wanavyolinda kimoja. Ukigawa mishahara yao kwa vinne, kila kizimba kinaongezewa zaidi ya milioni 2 mfukoni. Kwa hiyo ukiwa na hela ya kizimba kimoja, tafuta watu watatu wenye hela ya kimoja kimoja, muungane, muandikishe kikundi. Serikali nayo imekuwa ikitoa vizimba kwa mkopo kwa vikundi vya huku Kanda ya Ziwa. Uliza halmashauri yako utaratibu wa sasa. Lakini mkopo wa kizimba bila fedha ya chakula ni mtego. Hakikisha mifuko yote 211 ina hela yake kabla kifaranga wa kwanza hajagusa maji.

Je, sangara?

Kila wiki mtu ananiuliza kwa nini nisifuge sangara, maana bei ya minofu na mabondo (vifuko vya hewa vya tumboni mwake) inajulikana. Swali ni la haki. Jibu langu ni hapana, kwa sasa. Sangara anakula samaki, na akikosa wengine anawala wenziwe. Ukiweka wadogo na wakubwa pamoja, baada ya mwezi utakuwa na wachache walioshiba. Ukimlisha dagaa, unachukua chakula cha mtoto wa Mwanza na kumpa samaki, kilo nyingi upate kilo moja. Vifaranga wake hawapatikani kwa urahisi kama wa sato. Na oksijeni, nimeshasema, yeye ndiye wa kwanza kufa. Sato anakula mimea na nafaka ndani ya chakula chake, anavumilia msongamano, na mteja anamjua. Sato naye si mwenyeji wa asili hapa, aliletwa ziwani miaka ya 1950, na ngege wetu wa zamani akasukumwa pembeni. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali kamwe kuletewa mbegu ngeni ya samaki kutoka nje bila kibali. Nyavu huchanika, na samaki akishatoka hatumrudishi.

Vibali

Anza kwa serikali ya mtaa au kijiji na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo wako. Ukiwa na ugomvi na wavuvi wa mwaloni, kizimba chako hakina mlinzi hata ukiajiri kumi. Kisha afisa uvuvi wa halmashauri, atakayekuongoza kwenye tathmini ya mazingira chini ya NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, na kibali cha ufugaji chenyewe. Beba daftari lako la vipimo kila ofisi. Mimi lilinifungulia milango.

Banda la chakula na la walinzi lijenge mita 60 au zaidi kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo. Nilijenga karibu zaidi ya hapo, na mwaka 2020 ziwa lilipopanda, magunia 30 ya chakula yalilala ndani ya maji.

Vifaranga

Nunua vifaranga dume tupu, maana jike hukua polepole. Nenda mwenyewe kwenye kitotoleshi, omba kuona wazazi wao, omba kuhesabiwa mbele yako angalau mifuko mitatu. Mara moja nililetewa vifaranga mlangoni bila kwenda kuwaona. Walipungua karibu elfu moja na walikuwa mchanganyiko wa wakubwa na wadogo. Aliyewaleta hakupokea simu tena.

Wasafiri wakiwa hawajala siku nzima, kwenye mifuko yenye theluthi moja ya maji na iliyobaki oksijeni, asubuhi na mapema. Ukifika, mifuko ielee ndani ya wavu dakika 20 hadi 30 joto lilingane, kisha ingiza maji ya ziwa kidogo kidogo, mwisho waache watoke wenyewe. Waanzie kwenye wavu wa matundu madogo, baadaye wahamishie wa matundu mapana, kwa sababu wavu mpana hupitisha maji vizuri. Kwa juu weka wavu wa ndege: mnandi mmoja tu akijua njia, kesho analeta ukoo. Fisi maji na kenge wanataka wavu wa pili wa nje, wenye nyuzi nene.

Kulisha

Tumia punje zinazoelea, ili uone zinavyoliwa. Vifaranga wape kama asilimia 8 ya uzito wao kwa siku, mara tatu au nne. Wakifika gramu 100 shusha hadi asilimia 3. Wakipita 300, asilimia 2 au chini. Mfano: samaki 7,500 wa gramu 100 ni kilo 750, asilimia 3 ni kilo 22 na nusu kwa siku. Kila baada ya wiki mbili pima uzito wa samaki 50 kwa ndoo na mizani, upange upya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye kizimba hupotea kwa kilo.

Usilishe alfajiri. Samaki akila anahitaji oksijeni zaidi ili kusaga, na alfajiri ndipo ilipo kidogo. Mimi naanza saa 3 asubuhi. Narusha konzi, nasubiri, narusha tena. Wakichelewa kupanda, nasimama hata kama kipimo hakijaisha. Na samaki wakiwa wanahema juu, usiwape hata punje moja, hata kama roho inakuuma kuwaona wanafungua midomo. Asubuhi ile ya kijighuba, nilichopaswa kufanya ni kuwaita watu wenye mitumbwi, kulegeza nanga na kukikokota kizimba polepole kuelekea maji yenye kina na mkondo, na kuwavuna waliokwisha fikia ukubwa wakiwa bado hai. Waliokufa wafukie nchi kavu, usiwarudishe ziwani, usiwauze, na umwite afisa uvuvi achukue sampuli. Samaki wanaoogelea kwa kuzunguka au waliotokwa macho wanaweza kuwa na ugonjwa, na huo si wa kukisia.

Nyavu zikaguliwe kila wiki kwa mkono, zisuguliwe mwani unapoota, maana mwani ukiziba matundu umejenga ukuta. Walinzi wavae majaketi ya kuokolea, usiku na mchana, bila mjadala. Nilimzika mtoto wa jirani yangu aliyekuwa anajua kuogelea kuliko sisi sote.

Kuvuna

Baada ya miezi sita hadi minane ya kufuga, kutegemea ulivyolisha, watafika gramu 350 hadi 500. Panga mnunuzi kabla ya kuinua wavu. Mimi navuna kwa awamu, kilo 300 au 400 kwa siku, kwa sababu nikipeleka tani mbili Mwaloni kwa siku moja bei naivunja mwenyewe. Natazama pia mwezi: siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawatoki, mwaloni kuna barafu ya kutosha na wanunuzi wana nafasi. Usiwape chakula siku moja kabla ya kuvuna. Inua wavu kabla jua halijawa kali, tia samaki kwenye maji ya barafu hapo hapo mtumbwini, kisha safu ya barafu, safu ya samaki.

Kizimba kikishakuwa kitupu, wavu upandishwe nchi kavu, ukauke, ukaguliwe tundu kwa tundu. Na kabla ya kuagiza vifaranga wengine narudi pale pale na mtumbwi, napaka grisi kwenye jiwe, nalishusha chini ya maboya mpaka kamba inalegea mkononi. Nikilipandisha nanusa. Mara ya mwisho lilikuja na tope la kahawia lenye weusi kidogo pembeni, kwa hiyo nimevisogeza vizimba viwili mita 80 kuelekea kaskazini, na pale pa zamani pamelala mpaka mwakani.